Firigisi ya Kocha

Watu wa Khayega wakitaka kunisengenya husema mimi ndiye yule mwanamke aliyemnyima mgeni firigisi. Husema kwa sauti ya chini, utadhani niliiba sadaka kanisani, na wakiniona nimekaribia huanza kuulizia bei ya vitambaa. Siwajibu. Lakini kwa kuwa hadithi hii imepita midomo mingi na kila mdomo umetia chumvi yake, acha niisimulie mimi mwenyewe niliyeshika mwiko siku hiyo. Sina haya nayo hata kidogo.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko sokoni, karibu na pale waendesha boda boda wanapongojea abiria, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Msimu wa michezo ukifika nashona namba kwenye jezi. Binti yangu alikulia chini ya meza ya cherehani. Alikuwa akiokota mabaki ya vitambaa, anayaviringisha, anayafunga kwa kamba yanakuwa mpira, na tangu hapo hakuna glasi iliyodumu nyumbani kwangu. Mwaka ninaousimulia alikuwa darasa la tisa, anacheza wingi ya kushoto katika timu ya wasichana ya hapa kwetu, na akipata mpira hukimbia kama mtoto aliyeitwa kuja kula. Baba yake anafanya kazi katika kiwanda cha sukari huko Butali na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ni yangu, na hasira za nyumba ni zangu pia.

Kocha wao alikuwa mtu wa kupendwa. Nisiposema hivyo nitakuwa mwongo, na pia hamtaelewa kwa nini mambo yalikuwa magumu. Alikuwa na maneno matamu, hakunywa pombe, na kanisani alikaa viti vya mbele. Zaidi ya yote alijulikana katika shule za bweni zinazopenda mpira, na mara kwa mara alipeleka msichana huko akasome bila mzazi kutoa chochote. Mtu wa namna hiyo huku kwetu haulizwi maswali. Anachinjiwa kuku.

Na kuku kwetu si nyama tu. Ingokho, ndivyo tunavyomwita kuku, ina sheria zake, na sheria kubwa ni firigisi. Kile kipande kidogo kigumu ni cha mwenye boma. Akija mgeni anayemheshimu kupita kiasi, mwenye boma humpisha, firigisi inakwenda kwa mgeni. Mwanamke haionji. Mama yangu alizaa, akalea, akazeeka bila kuijua ladha yake, na kuna wake waliorudishwa kwao kwa sababu tu sahani ilifika mezani firigisi haimo. Kocha yule alikuwa amekula firigisi za nusu ya vijiji vya huku. Wazazi walishindana kumwalika.

Jambo la pili la kujua ni kukanda. Mtoto wa huku akiteguka hapelekwi mbali. Maji ya moto, chumvi, kitambaa, na mikono ya bibi fulani anayejua kukanda, basi. Kila ukoo una mkandaji wake. Kwa hiyo kocha aliposema kwamba wasichana wake wakiumia atawakanda mwenyewe, katika stoo ya pale uwanjani anapoweka mipira, hakuna mzazi aliyeshtuka. Tulisema asante. Tulisema, kumbe huyu bwana ni mzazi kamili. Mkandaji wa watoto wetu siku zote alikuwa bibi aliyekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, huku kuku wakipita na majirani wakisalimia, lakini tofauti hiyo hatukuiona. Tulisikia neno kukanda, tukaona bibi.

Walikwenda kucheza Mumias. Mimi sikwenda, nilikuwa na sare za kumaliza. Jioni boda boda ikamleta binti yangu mlangoni, goti limevimba kama boga changa. Aliangukiwa na beki, akasikia kitu kimelia ndani ya mguu. Kocha alimmwagia maji baridi, akamwambia, "Amka, wewe si yai," akamrudisha uwanjani amalizie kipindi cha pili. Alicheza akichechemea mpaka mwisho. Wanawake wa Mumias waliokuwa wakiwashangilia watoto wao wenyewe ndio waliomhurumia. Mmoja alimfunga goti kwa shuka yake na kumwambia, "Pole mwanangu, Mwenyezi Mungu akuponye."

Nilipasha maji. Nikamwambia kesho aende kwa kocha amkande vizuri, maana fainali ya kaunti ilikuwa karibu na watu wa shule ya bweni wangekuja kuangalia.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Kwa hiyo stoo. Siendi, mama. Heri nikae na maumivu."

Binti yangu si mtoto wa kukataa uwanja. Ni mtoto niliyewahi kumfungia viatu vya mpira kabatini ili alale. Nikaweka sufuria chini.

"Kuna nini stoo?"

Alikuwa akiangalia goti lake. "Anafunganga mlango. Anaingia na mmoja, anafunga. Leo tuliporudi aliniita, nikasimama nje. Akasema niingie haraka, na kitu ya stoo inabakinga stoo, hata mama hapaswi kujua. Nikaondoka nikaita boda boda."

"Wewe hujawahi kuingia?"

"Mimi hapana. Wengine wanaingianga." Kisha akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. "Atanitoa kwa timu. Sitaenda hiyo shule."

Nilimshika kichwa nikamwambia amefanya vizuri kukimbia na vizuri zaidi kuniambia. Hayo nilimwambia kwa utulivu. Ndani yangu kulikuwa na moto ambao ungeweza kuivisha maharagwe.

Asubuhi sikufungua kibanda. Nilikwenda uwanjani mapema, kabla ya mtu yeyote. Stoo ile ni chumba kidogo cha matofali pembeni mwa uwanja wa shule ya msingi, na mlango wake ulipakwa rangi ya buluu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikausukuma. Ndani kulikuwa na mipira kwenye wavu, koni za plastiki, benchi, beseni. Nikageuka kutoka, ndipo nikaliona komeo.

Stoo zote ninazozijua hufungwa kwa nje, kuzuia wezi. Kwa nje hakukuwa na kitu ila tundu la kufuli la zamani lililoshika kutu. Komeo lilikuwa ndani. Jipya, linang'aa, misumari yake haijapata hata vumbi. Mtu alikwenda dukani, akalichagua, akaja akalipigilia upande wa ndani wa chumba ambacho hakina dirisha. Nililigusa kwa kidole. Mpaka leo nikilikumbuka mkono wangu unataka kuvunja kitu.

Kocha alinikuta nimesimama pale pale mlangoni.

"Karibu mama," akasema kwa tabasamu lake la kanisani. "Mchezaji wangu anaendeleaje?"

"Mwalimu, nieleze. Stoo inafungwa kwa ndani kuzuia nani?"

Tabasamu halikuondoka, lilihamia upande mmoja tu. Akasema wasichana wanaona haya kukandwa watu wakiangalia. Akasema amekanda wasichana miaka yote hii na hakuna mzazi aliyelalamika. Akasema mpira una mambo yake ambayo fundi wa nguo hawezi kuyajua, kama vile yeye asivyojua cherehani.

"Cherehani yangu iko sokoni," nikamwambia. "Kila mtu anaona ninachoshona. Wewe kanda hapa nje kwenye nyasi, na mwanamke awe karibu. Na binti yangu hachezi mpaka daktari aseme."

"Mama, asipokuja kambini wiki hii nafasi yake nampa mwingine. Usije ukasema sikukuambia."

"Mpe," nikasema. Nikaondoka kwa haraka, maana nilikuwa nimeshaanza kutafuta jiwe kwa macho.

Hospitalini Kakamega mjini daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alilishika goti, akalikunja, akalikunjua, akapiga picha. Akatueleza kwamba kano ya ndani imechanika sehemu. Akipumzishwa na kufanyishwa mazoezi ya polepole atapona na kucheza tena. Akirudishwa uwanjani sasa, itakatika kabisa, na mpira utakuwa umeisha. Binti yangu alimwuliza kama kuna sindano ya kumwezesha kucheza siku moja tu. Daktari akamtazama. "Sindano ipo," akasema. "Inanyamazisha goti. Haiponyi. Goti linakuambia ukweli, kwa nini ulinyamazishe?"

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yangu: mguu wa mtoto wangu na mwili wa mtoto wangu upande mmoja, na upande wa pili shule ya bweni na sifa za kijiji. Kwangu mimi haikuwa mizani hata ya kupimia. Lakini watu waliipima, na kila walipopima niliambiwa nimekosea.

Sokoni wanawake wenzangu waliniambia nipunguze mdomo. Mmoja alisema wivu unanisumbua, kwamba sikupata kusoma na sasa namzuia mtoto. Baba watoto alinipigia simu kutoka Butali, habari zimemfikia kabla yangu.

"Mama watoto, umefanya nini? Mwenyekiti wa kamati ya timu amenipigia simu. Eti umemtukana mwalimu."

"Nimemuuliza habari ya komeo."

"Komeo gani? Mtoto ako na nafasi ya kusoma bure, wewe unaulizanga makomeo! Jumapili niko nyumbani. Mwenyekiti atakuja na mwalimu tuongee kama watu wazima. Chinja jogoo."

Nilimweleza yote kwa simu. Akasema watoto husema mambo. Wanaume wengine wema wanaweza kuwa viziwi kabisa, si kwa ubaya, bali kwa sababu kusikia kungewalazimu kusimama. Nikamwambia sawa, waje. Jogoo nitachinja.

Jumapili baada ya kanisa wakaja. Mwenyekiti wa kamati ni mzee wa kuheshimika, mfugaji wa fahali wa kupigana, anayejulikana kote Shinyalu. Kocha alikuja na kofia mpya, akaitundika kwenye msumari ukutani kama mtu aliyezoea nyumba za watu. Nikawanawisha mikono. Nikaleta ugali, obusuma mzito wa mtama kama baba watoto anavyopenda, mboga, na bakuli la kuku. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa, umefungwa bandeji. Desturi ingetaka awe jikoni. Nilimwambia akae pale pale.

Mwenyekiti akaanza. Akasema mpira umeinua jina la kijiji. Akasema mtoto akidekezwa haendi popote. Kisha akatoa methali, maana wazee wakitaka kukunyamazisha hutoa methali.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mama. Goti ni kitu kidogo. Mwalimu ataikanda, fainali itapita, mtoto ataenda shule. Wewe unalia kwa nini?"

"Kula kwanza, mzee," nikasema.

Baba watoto alikuwa akipekua bakuli kwa macho. Alitaka kumpa kocha firigisi kwa mkono wake mwenyewe, iwe msamaha wa nyumba nzima. Akapekua tena. Akanitazama.

"Mama watoto, firigisi iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, kwenye kisahani kidogo nilichokifunika kwa kitambaa safi. Nilikitoa. Nilikuwa nimeikaanga vizuri, na chumvi na kitunguu. Nikampita kocha. Nikampita mwenyekiti. Nikampita mume wangu. Nikainama nikakiweka mapajani mwa binti yangu.

"Kula," nikamwambia.

Nje jirani alikuwa akiita mbuzi wake, na tulimsikia mpaka alipomaliza.

"Umerukwa na akili," baba watoto akasema polepole.

"Firigisi ni ya mtu anayeheshimiwa katika nyumba," nikasema. "Nimeangalia hii nyumba yote. Ambaye amefanya jambo la heshima ni huyu. Aliitwa ndani ya chumba cha kufungwa, akakataa. Aliambiwa anifiche, akaniambia. Nyinyi wanaume watatu mmefanya nini?"

Kocha akacheka kidogo, akatikisa kichwa, akamgeukia mwenyekiti kama kusema, unaona sasa. Mwenyekiti akanyoosha kidole kunionya. Lakini mimi nilikuwa bado namtaka huyo mwenyekiti. Ulimi wangu nilikuwa nimeunoa wiki nzima.

"Mzee, samahani. Mwaka jana fahali wako aliamka anachechemea siku ya mashindano. Watu walikuja na ngoma za isikuti hadi kwenye boma lako alfajiri kumsindikiza. Waliimba, walikubembeleza, wengine walikutukana. Ulimtoa?"

"Sikumtoa."

"Ulisema nini? Nchi nzima ilisikia ulichosema."

Akakohoa. Alijua ninakoelekea, lakini mzee wa fahali hawezi kulikana neno alilolisema mbele ya fahali wake. "Nilisema mguu ya ng'ombe yangu si ya kijiji."

"Basi na mguu ya msichana wangu si ya kijiji," nikasema. "Na hakuna mtu anafungiwanga na fahali wako zizini, maana unalindanga hilo zizi kuliko benki. Mkandaji wa ng'ombe anakanda ukiwa umesimama hapo. Kwa nini mkandaji wa watoto wetu ako na komeo ndani?"

Mzee alirudisha tonge lake sahanini. Akamtazama kocha, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila kuona kikombe cha ushindi mkononi mwake.

"Komeo iko ndani?" akauliza.

Kocha alianza kueleza habari za haya, na watu kuchungulia, na wanawake wanaopenda maneno. Alieleza sana. Mtu asiye na jambo huwa hana maelezo marefu namna hiyo. Baba watoto hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amegeuka kwenye mkeka.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtu alikuambia usimwambie mama yako?"

Binti yangu alikuwa na firigisi mdomoni, hajatafuna. Akaitafuna, akaimeza, ndipo akajibu. "Ndiyo, baba. Alisema hata wewe usijue."

Baba watoto ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakuongeza hata moja. Aliinuka, akaenda ukutani, akaitoa ile kofia mpya kwenye msumari, akamtia kocha mkononi. Kisha akaenda akafungua mlango, akasimama pale. Kocha aliondoka na mafuta ya kuku kwenye vidole, hakunawa. Mwenyekiti alibaki amekaa. Akasema ana wajukuu wawili kwenye ile timu.

Nilimpenda tena mume wangu siku hiyo, niseme wazi. Nilikuwa nimeanza kusahau kwa nini nilimkubali.

Kesho yake asubuhi mama wa golikipa alikuja kibandani kwangu. Hakuwa na nguo ya kushonesha. Alikaa kwenye kiti cha wateja akashika meza yangu kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa akikandwa muhula mzima, na muhula mzima alikuwa hali chakula vizuri, halali usingizi vizuri, na wao wakadhani ni ukuaji. Sitayaeleza aliyoniambia. Ni mambo ya binti yule, ameyasema mwenyewe kwa wanaostahili kuyasikia, kwa kinywa chake, nasi tukiwa tumekaa nje ya mlango uliokuwa wazi. Nilifunga kibanda, tukaenda pamoja kwa afisa wa watoto, na kutoka hapo kwenye dawati la jinsia polisi. Mama yule alitetemeka njia nzima. Mimi sikutetemeka, maana nilikuwa na hasira ya watu wawili.

Kesi inaendelea, na imeahirishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia, lakini kila inapotajwa tunakwenda. Kuna wanaosema tumemwonea. Kuna waliosema tungemaliza kwa wazee, aombe radhi, atoe ng'ombe, mambo yaishe. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye mkutano na kusema ng'ombe haingii katika jambo hili. Fainali tulifungwa, na lawama ya yale mabao nikabebeshwa mimi, ambaye sijawahi kusimama golini. Nilibeba. Mgongo wangu umebeba magunia mazito zaidi.

Ila jambo moja tulilifanya wenyewe, bila kumngoja hakimu. Polisi walipomaliza shughuli zao pale uwanjani, tuliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukaenda akina mama na bisibisi na nyundo, tukaung'oa ule mlango wa buluu. Komeo lilikuwa limeshachukuliwa kuwa ushahidi, yalibaki matundu ya misumari. Mmoja alitaka tuuchome. Nikasema huu ni ubao mzuri, tusiupoteze kwa sababu ya mpumbavu. Tukaulaza juu ya matofali pembeni mwa uwanja, mahali ambapo kila mtu anaona. Sasa hapo ndipo wanapokandwa. Msichana akiumia hulala juu ya mlango, mchana kweupe, na bibi mmoja wa hapa aliyekuwa mkandaji tangu zamani hushika mguu wake huku kocha mpya akiuliza kutoka mbali, "Anaweza kuendelea?" Bibi akisema hapana, ni hapana, na akiona kuna uvimbe wa kutisha, ni boda boda mpaka hospitali. Stoo imebaki wazi. Mipira haijaibiwa. Sisi akina mama tumepangiana zamu, kila mazoezi wawili wanakuja na viti vyao vya plastiki, wanakaa, wanachambua mboga, wanaangalia. Kocha mpya mwanzoni alisema anajisikia kama mshtakiwa. Nikamwambia ajisikie tu hivyo, kazi itaendelea. Siku hizi akiona hatujafika hupiga simu kuuliza tuko wapi.

Shule ya bweni binti yangu hakupata mwaka ule. Alikwenda shule ya kutwa ya hapa hapa, na goti lake akalifanyisha mazoezi nyumbani, akipanda na kushuka ngazi ya mlangoni huku akinung'unika. Alilia kwa ajili ya shule ile, nami nikalia naye. Nisingependa mtu afikiri kwamba ukitenda haki unapata zawadi. Wakati mwingine unapata tu mtoto mzima, na hiyo inatosha kabisa.

Mwezi uliopita alirudi uwanjani kwa mechi yake ya kwanza. Ilikuwa zamu yangu, kiti changu kilikuwa karibu na mlango wa buluu. Alicheza vizuri. Alimpita beki mmoja mara mbili mpaka nikamhurumia yule mtoto wa watu. Kipindi cha pili, timu ikiwa inaongoza kwa bao moja na watu wamesimama wote, nikamwona amesimama katikati ya mbio. Akainua mkono. Akatembea polepole kuja upande wetu, na mwingine akaingia.

Nyuma yangu mwanaume mmoja akapiga kelele, "Mrudishe huyo! Mechi haijaisha!" Tuligeuka akina mama wote, viti na sisi. Akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Binti yangu alikaa juu ya mlango, akanyoosha miguu. Nikashuka kitini, nikapiga magoti, nikashika lile goti kwa mikono miwili. Halikuwa na uvimbe. Halikuwa na joto.

"Inauma wapi?"

"Haiumi, mama," akasema, akaniondoa mikono kwa upole. "Sijaumia. Nimechoka tu."